Sekunde ya Arobaini na Nane

Saluni yangu ikikosa watu huwa nachanganyikiwa. Nataka viti vijae, kahawa ichemke, na mteja wangu Verla aanze habari za ndoa ya mtu kabla rola hazijamkaa kichwani. Ndiyo maana Corinne na binti yake Delphine walipopanga ghorofa ya juu yangu mwezi wa kumi, haikupita wiki nikawa nayajua yao yote. Walikuwa wamemkimbia Royce, mume wa Corinne, aliyebaki Oklahoma, mwendo wa saa tisa kwa gari. Corinne alinishika mkono akasema lisitoke pale. Na kweli, hilo sikulitoa.

Mwezi wa tatu, darasa la sita waliambiwa watengeneze video badala ya kusimama mbele ya wenzao na karatasi. Delphine alichagua barafu ya mto inavyovunjika. Alirekodi wiki mbili kutoka dirishani, vipande akaviunga kwenye tovuti waliyoelekezwa na Mwalimu Halvorsen. Corinne alimsimamia kama askari wa mpakani: sura isionekane, jina lisiandikwe, hata sauti isiwe yake. Maelezo yakasomwa na mbweha wa katuni, tena mbweha mwenye maringo. Sote tulimpenda.

Lakini mwalimu alitaka ndugu na jamaa waandike maoni chini ya video, na maksi zilikuwemo. Wenzake walikuwa na bibi, mashangazi, wajomba. Delphine alikuwa na mama yake na mimi. Akashuka saluni na kompyuta, akakaa chini ya draya isiyowashwa. Roho iliniuma. Alipopanda juu nikawatumia linki wateja wangu wote, nao wawatumie wanaowajua. Kufika Ijumaa maoni yalikuwa sitini na mbili, na mtoto anatembea kama bibi harusi. Ya juu kabisa yalikuwa ya Verla: alimpongeza Delphine na mama yake Corinne, kwa majina, kwa kumletea mto sebuleni. Niliyasoma nikacheka.

Jumanne mchana Corinne alishuka bila viatu, Delphine nyuma yake na kompyuta. Akanivuta hadi chumba cha dawa za nywele, akafunga mlango.

Tovuti ile humwonyesha mwenye video mahali watazamaji wanaporudiarudia, na jimbo walipo. Mstari wa grafu ulikuwa umelala mwanzo hadi mwisho, isipokuwa sekunde ya arobaini na nane, ambapo ulisimama kama mlingoti. Tukaitazama. Kamera inafuata pande la barafu, inageuka kidogo, na juu ya paa la ghala unachomoza mnara wa tangi la maji, jina la mji wetu limeandikwa kwa herufi nyekundu. Mtu mmoja wa Oklahoma alikuwa amerudia pale mara thelathini na saba.

"Nani kawaita watu hawa, Arlys?"

Nikamwambia. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliuliza tu mara ya mwisho ilikuwa lini.

Delphine akabonyeza. "Leo, saa kumi na moja alfajiri. Labda amechoka kutazama."

"Hajachoka, mwanangu. Ameshaona."

Corinne akahesabu kwa vidole zile saa tisa za njia, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na nusu. Nikampa ufunguo wa gari langu lililokuwa uani, wakapanda kufungasha. Polisi niliowapigia walisema watatuma mtu akipatikana.

Nikarudi kwa wateja. Walikuwa watano, Verla akiwemo, wanacheka, wanauliza kuna nini. Nilikwisha kuharibu kwa mdomo wangu, nikaapa safari hii simwambii mtu. Nikasema bomba linavuja.

Saa nane kasoro dakika chache mlango ukafunguliwa. Mwanamume nadhifu akafuta buti zake kwenye zulia, akavua kofia.

"Samahani akina mama, nasumbua. Namtafuta binti aliyetengeneza video ya mto."

Nikasema hapa hatumjui mtu huyo. Sauti ilinitoka ndogo, na Verla akanishangaa. Akaisukuma draya kutoka kichwani, uso umemchangamka, kama mtu anayependa kusaidia.

"Delphine wetu?"

Juu ya vichwa vyetu sanduku lilikuwa likiburuzwa. Yule mwanamume akainua macho darini.