Nukta ya Jumanne Iliyopita

Mtaani walimwita Mama Mizani, na jina likamkaa. Kila Jumanne alipita nyumba kumi na mbili zenye vichanga waliozaliwa na uzito mdogo, akawapima kwa ajili ya utafiti wa hospitali, akaandika kwenye fomu, kisha akatia nukta ya uzito kwenye mchoro wa kadi inayobaki kwa mama. Mtoto akishuka uzito, alipiga simu, na gari la utafiti lilimchukua siku hiyo hiyo. Sharti kubwa lilikuwa moja tu: mtoto apimwe uchi. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha kuweka alama kwamba kweli amevuliwa.

Jumanne iliyopita mwanawe alikuwa anawaka homa nyumbani, basi kazi aliifanya roho juu. Kumvua na kumvisha kichanga mmoja kunakula dakika kumi. Yeye aliwapima wote kumi na wawili na nguo zao, akatoa uzito wa nguo kwa kukisia, akaweka alama visanduku vyote. Mtu anayekisia uzito wa shali la bibi alilofungiwa mtoto, jamani, akisie basi na uzito wa mwezi. Lakini nani alimwona? Homa ya mwanawe ikashuka, naye akasahau.

Leo, nyumba mbili za kwanza zilikuwa salama. Ya tatu, alimvua mjukuu wa Bibi wa Kona, akamlaza kwenye mizani, akasoma. Kilo mbili na gramu mia moja na hamsini. Wiki iliyopita aliandika mbili na mia nne na hamsini. Alimwinua, akamlaza tena, na mizani ikasema yale yale. Ngozi ya mapaja ilikuwa imelegea, na mtoto hakulia hata alipoguswa na baridi ya chuma.

Gramu mia tatu kwa wiki moja. Akiandika hivyo, gari litakuja, na nyuma ya gari atakuja msimamizi na maswali yake. Mwenzake alifukuzwa mwaka jana kwa alama moja tu ya uongo. Yeye anazo kumi na mbili, na mtoto nyumbani asiye na mwingine wa kumlisha.

Akajaribu kupita katikati. "Bibi, hebu mpelekeni huyu hospitali leo. Nendeni wenyewe tu."

"Ana nini?" aliuliza binti, mama wa mtoto, kutoka kitandani.

"Hana kitu. Aangaliwe tu."

Katika nyumba ile hakuna aliyetoka bila neno la Bibi. Alivaa miwani, akaichomoa kadi chini ya mto. "Mwanangu, mbona unatutisha? Hii si kalamu yako? Tazama, mstari unapanda. Huyu binti mshono haujapona, na miguu yangu unaijua. Tukapange foleni kutwa nzima kwa ajili ya mtoto anayenenepa?"

"Lakini hanyonyi vizuri," binti alisema taratibu. "Nilisema tangu juzi."

"Na mimi nikakwambia kadi inasema mzima. Kati yako na kadi, nani amesoma?"

Mama Mizani alitamani ardhi ipasuke immeze. Mlango ulikuwa wazi, hatua nne tu, na hakuweza kuupita. Alichokiandika kwa mkono wake ndicho kilichomzuia mtoto asitoke. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga. Hawakusema kama anaingia na mtoto wa watu.

Akatoa simu, akaita gari. Kisha akaichukua kadi mkononi mwa Bibi, akaikata ile nukta kwa mistari miwili.

"Hii ni ya uongo, Bibi. Sikumvua. Nilikisia."

Alisubiri matusi. Angeyapokea yote, maana aibu aliyokuwa nayo ilihitaji kitu cha kuishika.

Bibi alikuwa ameanza kumfunika mtoto kwa lile shali. "Nilikuona," alisema. "Nikajiambia, huyu kasomea, anajua anachofanya." Alimkabidhi binti mtoto, akavua miwani. "Na wale wengine wa siku ile?"

"Bado tisa."

"Basi umesimama hapa unangoja nini?"