Rimoti ya Nne

Fundi Judith alifika kwenye shamba la ngano saa kumi jioni, akaegesha pikipiki kando ya banda la gari la meneja, akaifungua rimoti ya mlango wa banda kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na swichi kumi na mbili, kila moja ndogo kuliko punje ya mtama, nyingine zimetazama juu na nyingine chini. Kwenye mota iliyoning'inia darini mlikuwa na kumi na mbili nyingine zilizopangwa vilevile, na huo ndio ulikuwa ufunguo wote. Rimoti inautaja mpangilio wake hewani. Mota ikisikia kuwa ni wake, inauvuta mlango.

"Unafunguka wenyewe kila jioni, saa ng'ombe wanaporudi," alisema meneja Julius. "Asubuhi unafunguka tena. Na ninakuta mavi ya ng'ombe sakafuni."

"Una ng'ombe?"

"Sina."

Judith alibadilisha mpangilio. Rimoti za zamani zina ubaya huo, alimweleza: yeyote mwenye rimoti ya aina hiyo akibahatisha mpangilio, anaingia. Mipangilio yenyewe ni elfu nne na tisini na sita, na mwenye subira huimaliza. Meneja alicheka, akasema hajamwona mtu wa namna hiyo katika wilaya nzima ya Hanang.

Baada ya wiki mbili meneja akampigia simu: mlango umeanza tena. Mvumilivu hula mbivu, na huyu inaelekea alikuwa na muda mwingi.

Safari hii Judith alifunga mota mpya, ile ya rimoti zinazobadilisha namba kila zinapobonyezwa. Namba ikishatumika imekufa. Hata mtu akiidaka hewani haimsaidii kitu. Rimoti na mota zinahesabu kila moja mahali pake, kama wake wenza wasiosemezana lakini wanaijua zamu. Alisajili rimoti tatu: ya meneja, ya mkewe Doris, na ya dereva.

Siku nne mlango ukatulia. Siku ya tano ukafunguka. Judith alisoma kumbukumbu ya mota, akakuta rimoti nne. Akaifuta ya nne, na jioni ilikuwa imerudi, hesabu yake sahihi mpaka tarakimu ya mwisho. Basi akatoa kipima mawimbi na kuzunguka nacho. Nje, mshale ulilala. Ndani uliinuka. Alipopiga magoti katikati ya banda, penye doa la oili, ulifika mwisho ukakaa hapo.

Nje ya uzio wa waya alikuwa amesimama Bibi Bernadina, Mbarabaig wa miaka themanini hivi, ameshika majani mabichi. Watu wa shamba walikuwa wamemzoea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umemkuta?"

"Nimemkuta. Yuko chini ya saruji."

"Ni baba yangu, Gidarya. Tulimfanyia mazishi miezi tisa. Watu walikuja mpaka kutoka Yaeda Chini kulijenga lile kaburi, udongo juu ya udongo. Halafu greda la shamba likaja. Wakasema ni kichuguu." Alihamisha majani mkono wa pili. "Zizi alikuwa analifungua mwenyewe, jioni na asubuhi. Hakumwachia mtu."

"Na wewe unataka nini, bibi?"

"Nataka kumwekea majani, basi. Kabla sijamfuata. Miaka kumi na moja wananiambia lete ushahidi. Wewe ni fundi, karatasi yako wataisoma. Andika."

Judith alikuwa mzaliwa wa kijiji cha Masieda, na huko nako mtu akimpelekea mwenzake majani mabichi, alama ya heshima, hazuiwi mlangoni. Aliandika ripoti bila kuongeza chumvi: *Chanzo cha mawimbi ni marehemu Gidarya, mita mbili chini ya sakafu. Hapa ni kaburi.* Alikuwa na furaha alipoweka sahihi. Aliamini kwamba jambo limekwisha.

Meneja aliisoma mara mbili.

"Nilikuwa nahisi," alisema. "Anaharibu mota?"

"Haharibu."

"Betri yake ikiisha?"

"Sidhani kama anatumia betri."

"Basi msajili, tusisumbuane."

Judith akamsajili: rimoti ya nne, Gidarya. Doris alisogeza gari ukutani ili ng'ombe wapate njia, akamwambia dada wa kazi aweke chepeo la kuzolea mavi karibu. Saa kumi na mbili na robo mlango ukapanda. Kwato zikalia juu ya saruji, nyingi, bila haraka, na banda likanuka maziwa. Hakuna kilichoonekana. Kule kwenye waya Bibi Bernadina alikuwa akiwaita ng'ombe mmoja mmoja kwa majina, na kila aliyeitwa aliitika.

"Meneja, na bibi je?" aliuliza Judith. "Kaburi limeshathibitika. Anataka kuweka majani tu."

Julius alifikiri. Alikuwa mtu mpole, hajawahi kumfokea mtu, na upole huo ulimchoma Judith kuliko matusi.

"Zamani ningeweza kuamua mimi," alisema. "Sasa mzee anatambulika. Mgeni wake, ruhusa inatoka kwake. Bibi alete barua ya baba yake, yenye sahihi, nami sitamzuia hata dakika moja."

Mlango ulishuka, ukagusa sakafu, ukajifunga. Judith alikwenda mpaka kwenye waya. Aliona aibu.

"Amesemaje?"

"Anasema ulete barua ya baba."

Bibi Bernadina hakushangaa. Aliyalaza majani chini, upande wake wa waya.

"Baba hakusoma," alisema, akakaa kumngojea ajifunze.