Utani wa Hamdun Kotekote

Mjini Tabora walimwita Hamdun Kotekote, kwa sababu kwenye kriketi alikuwa kote: apewe gongo apige, apewe mpira arushe, awekwe pembeni ya uwanja adake. Kijana wa Kiarabu wa Gongoni, mtoto wa mwenye duka, akaichezea Tanganyika enzi za mkoloni dhidi ya Kenya na Uganda, na bendera ilipobadilishwa akaendelea chini ya bendera mpya bila hata kubadili viatu. Kampala aliwahi kushinda mechi karibu peke yake. Asubuhi alipiga mpaka mikono ikafa ganzi, jioni akawang'oa wapigaji wao mmoja baada ya mwingine. Watu wa Tabora, ambao wengi wao hawakuwahi kuelewa mchezo ule unahesabiwaje, walimpokea stesheni kwa ngoma.

Halafu goti likaharibika, Nairobi, akikimbilia mpira ambao angeuacha tu uende zake. Wahindi aliocheza nao wakaanza kuhama baada ya Azimio, mali zilipotaifishwa, mmoja huku, mwingine kule. Duka la baba yake, Mzee Salmini, likafa polepole, rafu zikabaki na viberiti na vumbi. Hamdun akabaki na mkeka. Ulikuwa mkeka mrefu wa katani, unaotandikwa katikati ya uwanja na kupigiliwa misumari ili mpira udunde sawasawa. Kila alasiri aliutandika mwenyewe, akachechemea huku na huku, akiwafundisha vijana wa Isevya na Ng'ambo mchezo ambao wazazi wao waliuona wa mabwana wasio na kazi.

Mwaka 1974, watu wa vijijini wakiwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, ikaja habari kutoka Dar es Salaam kwamba timu ya taifa inakwenda Lusaka na kamati inatafuta kocha. Jina la Hamdun limo. Aliitaka kazi ile mpaka ikawa aibu kumtazama. Alikula bila kujua anakula nini, na mkewe, Fakhria, alimkuta uani anapanga mawe chini kama wachezaji, anayagombeza. Kwake haikuwa kazi tu. Alitaka asikie tena kwamba nchi hii inamhitaji, yeye na sura yake hiyo, katika miaka ambayo mtu mwenye sura kama yake alianza kupima maneno kabla ya kuyatoa.

Kumbe siku yenyewe hakuyapima.

Kamati ilimtuma katibu wake, Bwana Alois, mtu wa Songea, aje aone Hamdun anavyofundisha. Mazoezi yakaanza, mlinda wiketi, yule anayedaka nyuma ya mpigaji, hayupo. Mlinda wiketi alikuwa Lugembe, Mnyamwezi, mdogo kidogo kwa Hamdun, na huko mtaani Isevya alikuwa balozi wa nyumba kumi. Bibi yake Hamdun, Bimdogo, na babu yake Lugembe walizaliwa tumbo moja, huko kijijini Isikizya. Wajukuu wa namna hiyo ni watani, na utani wa hawa wawili ulijulikana mji mzima. Mzee Salmini alipofariki, Lugembe alilala chini mbele ya jeneza la mzee huyo, akasema maiti haipiti mpaka apewe jogoo. Watu waliokuwa wanalia wakacheka, jogoo akatolewa, maziko yakaendelea.

Basi Lugembe alipotokea anakimbia, Hamdun, kwa kiherehere cha kuwa na mgeni, alipaza sauti uwanja mzima ukasikia:

"Wewe mtumwa wangu! Nani amekuruhusu kuchelewa? Nitakufunga kamba nikupeleke Ujiji nikakuuze, na kwa sura hiyo sipati hata kipande cha kaniki!"

"Nipeleke, Mwarabu koko!" Lugembe akajibu, anavaa glavu. "Ila njiani utanililia nikubebe, na hilo goti lako la kuku!"

Vijana wakaangua kicheko. Bwana Alois hakucheka. Kwao utani upo, anaujua, lakini habari za Bimdogo hakuzijua. Alichokiona ni Mwarabu mwenye kofia nyeupe akimwita Mwafrika mtumwa, hadharani, katika mji ambao misafara ya watumwa ilipita ikielekea pwani. Mazoezi yalipokwisha aliuliza jambo moja tu, kwa upole uliomtia Hamdun baridi:

"Mwarabu na mtu mweusi wana utani gani, Bwana Hamdun?"

Kabla ya magharibi shauri lilikuwa limefika ofisi ya tawi la Chama. Ikaamriwa Hamdun, Lugembe na Bwana Alois waitwe kesho yake.

Hamdun alikwenda moja kwa moja kwa Lugembe, akamkuta anabangua karanga barazani.

"Utawaambia ni utani."

"Nitawaambia."

"Waambie na habari za bibi. Kwamba babu yangu alimwoa kwenu kwa mahari na heshima zote. Sisi ndugu."

Mkono wa Lugembe ukasimama juu ya ungo. "Nitajibu nitakachoulizwa, Hamdun. Mimi balozi. Siwezi kukaa mbele ya watu wale nikasema uongo."

"Na nani amekwambia useme uongo?"

"Basi, yaishe," Lugembe akasema, akarudia karanga zake.

Hamdun akaondoka moyo umetulia. Hakujiuliza kwa nini siku ile aliingia na kutoka katika nyumba ya mtani wake bila kutukanwa.

Mwenyekiti wa tawi alikuwa Mama Getruda, mwanamke asiyependa maneno marefu. Alimwachia Bwana Alois aulize. Lugembe akasimama, akaeleza vizuri: ni watani, bibi yake Hamdun alitoka kwao, wametukanana tangu wakiwa hawajui kufunga vifungo vya shati, hakuna ubaya.

"Watani kwa udugu gani?" akauliza Alois. "Hawa walioa kwenu lini? Nani kwenu alipokea mahari?"

Lugembe akamtazama Hamdun. Alimtazama kama anayeomba radhi.

"Hakuna aliyepokea."

Hamdun akadhani amesikia vibaya.

"Bibi yetu hakuolewa," Lugembe akasema. "Alikuwa kigori, anachota maji Isikizya. Watu wa msafara wakamchukua. Babu yangu alifuata nyayo mpaka hapa mjini, akamkuta uani kwa babu yake Hamdun, tayari ni wa nyumba ile. Kumtoa hakuweza. Akawa anakuja kumtazama tu, anamletea asali. Hata hilo Bimdogo si jina lake, walimpa wao. Aliitwa Kalunde."

Kwanza Hamdun alipandwa na hasira. Alitaka kusimama aseme mwongo huyu. Lakini asali aliikumbuka. Alikuwa mtoto, akiila kwa kidole kutoka kwenye kibuyu, na yule mzee wa Isikizya amekaa mlangoni na bibi, wameshikana mikono, hawasemi kitu. Nyumbani waliambiwa ndivyo Wanyamwezi wanavyoamkiana. Aliamini. Aliamini kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini, na sasa aibu ikamshika mpaka akashindwa kuinua macho.

"Na ninyi mkanyamaza miaka yote hii?" Mama Getruda akauliza.

"Hatukunyamaza, mama. Tulikuwa tunatania." "Baba yangu aliniambia, yule ni damu yetu, kumchukia hatuwezi, na kusahau hatuwezi. Mtanie. Basi namtania. Akiniita mtumwa, mimi nacheka, na nacheka kweli. Lakini kwetu tunajua nani aliitwa hivyo bila utani."

"Na yeye alijua?" Alois akauliza, safari hii taratibu.

"Hakujua. Angejua, lile neno lisingemtoka. Ndiyo maana nasema ulikuwa utani, na nitasema hivyo popote mtakaponiita."

Mama Getruda alikohoa, akasema tawi halina shauri na watu wa ukoo mmoja. Bwana Alois alikunja karatasi zake. Alionekana kama mtu aliyevunja mlango kumkamata mwizi, akawakuta wenye nyumba wanaomboleza. Nje alimshika Hamdun mkono.

"Hongera, kocha. Treni ya Alhamisi. Wachezaji wanakusubiri."

Alikuwa amepata. Ile kazi aliyoiota akiwa macho ilikuwa yake, na Hamdun aliitikia "ahsante, ahsante" kama anayepewa pole.

Lugembe alikuwa anamsubiri juani, kando ya barabara. Uso aliutengeneza uwe ule wa kila siku.

"Haya, Mwarabu koko! Unakwenda kunenepa Lusaka, sisi unatuachia vumbi. Utaniletea nini?"

Akangoja. Hamdun alitafuta la kumjibu. Matusi ya umri mzima alikuwa nayo, la goti, la pua, la karanga, lakini kila alilolishika lilikuja limefuatana na lile moja, na lile moja halikupita kooni.

"Nitukane, bwana," Lugembe akasema. Kicheko kilikuwa kinamfifia usoni. "Hamdun. Nitukane nijue bado tuko pamoja."

Hamdun akajaribu. Wallahi alijaribu. Akafungua kinywa mbele ya yule mdogo wake, na kilichotoka kilikuwa:

"Shikamoo."

Lugembe akarudi nyuma kana kwamba amesukumwa. Marahaba hakuitikia. Alimtazama kidogo, macho yamejaa maji, kisha akageuka akashika njia ya Isevya peke yake.