Moshi wa Chumba cha Pili

Jumanne asubuhi, katika hospitali ya wanawake iliyo nyuma ya soko la mji wa Jinju, Nesi Tak Mi-ryeong alipanga vyombo juu ya kitambaa cha kijani: mikasi, koleo, vibanio, na mwisho, kando kwa kando, kisu na kalamu ya umeme. Kisu ni kisu. Kalamu ile haina makali. Ina ncha tu, na ncha ikigusa nyama inachoma na kukata kwa pamoja, damu inakauka pale pale. Harufu yake usiombe uijue. Nusu yake ni ya mafuta ya nguruwe jikoni, nusu ni ya nywele zilizoungua, na haitoki kwenye nguo hata ufue vipi.

Daktari mkuu, Pyo Sang-cheol, alikuwa na utafiti. Alitaka kujua kipi bora cha kufungulia tumbo la mwanamke mwenye uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, kisu au umeme: kipi kinamwaga damu kidogo, kipi kinapunguza maumivu baadaye, kipi kinaacha kovu zuri. Swali lenyewe halina ubaya. Wanawake walipigiwa kura, wengine huku wengine kule, wakatia sahihi kwamba wamekubali. Walioangukia kisu walikatwa na Daktari Pyo mwenyewe. Walioangukia umeme walikatwa na Bwana Yeo Gi-hun, ambaye ndiye aliyeiuzia hospitali mashine.

Hilo la mwisho hawakuambiwa. Bwana Yeo hakuusomea udaktari hata kwa siku moja. Alianza kwa kuonyesha jinsi kalamu inavyoshikwa, mpaka asubuhi moja kliniki ilipofurika na Daktari Pyo akasema, "Wewe si unaijua hii kuliko mimi? Anza, nakuja." Akaanza. Daktari alikuja baadaye, akatoa uvimbe, akaondoka, na tangu hapo ikawa ndiyo kawaida. Mwanamke amelala kwa nusukaputi, mdomo wazi, tumbo limepakwa dawa ya kahawia, na mchuuzi anampasua chini ya kitovu huku akiuliza nani anataka kahawa ya barafu. Anayetaka kutapika na atapike. Mle ndani walishazoea.

Majira ya maua yalipofika, moshi ukaacha kutawanyika.

Moshi wa kila mwanamke aliyekatwa kwa umeme ulipanda kutoka tumboni, ukajikusanya kama mto wa kulalia, rangi ya kijivu iliyoingia umanjano, kisha ukamfuata aliyemkata. Haukupita muda Bwana Yeo akawa anatembea koridoni na msururu nyuma yake, kama kuku na vifaranga. Akiingia kwenye lifti, watu walisubiri inayofuata. Utawala ulibandika tangazo kwamba wageni wasiguse moshi, ukanunua manukato ya limau ya kupuliza, na korido ikawa inanuka limau lililochomwa pamoja na nguruwe. Msafishaji alilalamika kwamba moshi unaacha ukoko wa mafuta kwenye vioo, wa kukwangua kwa ukucha. Daktari Pyo hakufuatwa na kitu. Kisu hakitoi moshi, na ile kalamu hakuwa ameishika.

Juu ya uvundo wa wote, kila moshi ulikuwa na harufu ya mwenyewe. Mmoja ulinuka dawa ya kukunjia nywele, na huo ulikuwa wa Mama Guk, mwenye saluni, aliyekuwa anajikongoja koridoni na dripu yake Bwana Yeo alipopita.

"We kijana! Hebu simama. Huyo wa nne ni mimi."

Bwana Yeo akainama kwa adabu. "Naam, mama. Mshono hausumbui?"

"Mshono haujambo. Nauliza, mimi nakufuata wewe kwa nini? Si Mkuu ndiye aliyenikata?"

"Ni upepo tu, mama. Korido hii ina upepo sana."

"Upepo gani huo unaochagua mtu? Marehemu mume wangu mwenyewe sikumfuata hivyo!"

Manesi wakacheka. Mama Guk naye akacheka, akashika tumbo kwa maumivu, kisha akaenda kuuliza ofisini. Ofisini walimweleza kwa upole kwamba moshi si ushahidi. Aliruhusiwa kurudi nyumbani siku ile ile, na moshi wake ukabaki kwenye msururu.

Nesi Tak aliyaona hayo yote, akaendelea kupanga vyombo. Kisha ikafika zamu ya mdogo wake.

Mi-ok alikuwa anauza kimbap sokoni, wali uliosokotwa ndani ya mwani, na kwa miezi alikuwa anatokwa na damu hadi anashikilia meza ili asianguke. Uvimbe ulikuwa mkubwa kama tunda la pea. Upasuaji hakuuogopa. Alikuwa na ombi moja tu.

"Dada, yule wa mashine asiniguse."

"Hatakugusa."

"Sokoni wanasema anawachoma watu kama mbavu za nguruwe. Niapie."

"We mtoto! Nimeshasema hatakugusa. Kwani mimi mle ndani nafanya kazi gani?"

Nesi Tak alikwenda kwa Daktari Pyo, akainama, akaomba. Daktari alikuwa anamenya chungwa. Alimpa kipande.

"Nesi Tak, tumetoka mbali mimi na wewe. Mdogo wako ni mdogo wangu. Nitamkata mimi, kwa kisu. Mambo ya kura tuwaachie wengine."

Siku yenyewe Nesi Tak alikaa kwenye benchi la nje, kwa kuwa ndugu wa mgonjwa haruhusiwi kuingia hata kama ni nesi. Mi-ok alishapitishwa, amefunikwa shuka hadi kidevuni. Baadaye akaja Bwana Yeo na trei ya kahawa, msururu wake nyuma.

"Dada, hii yako. Haina sukari, najua huipendi."

Akaingia chumba cha pili cha upasuaji. Moshi ukabaki nje, ukajipanga ukutani. Nesi Tak angeweza kuinuka. Mlango ule haufungwi kwa ufunguo, unasukumwa tu kwa bega, na yeye alikuwa ameusukuma maisha yake yote ya kazi. Alikaa. Aliishika kahawa mpaka barafu ikayeyuka.

Bwana Yeo alipotoka, alikuwa na mmoja zaidi. Ulikuwa mdogo, na juu ya ule uvundo wa kuungua ulinuka mafuta ya ufuta, harufu ya mikono ya Mi-ok tangu alipofungua kibanda. Ulipofika kwenye benchi ukasita mbele ya magoti ya Nesi Tak, kisha ukavutwa ukamfuata aliyemkata.

"Umemkata wewe," Nesi Tak alisema.

"Mkuu aliitwa kliniki, dada. Lakini ondoa wasiwasi. Nimemkata kwa uangalifu kuliko wote, kwa sababu ni wako. Damu haikujaa hata kijiko. Kwa kisu ingemwagika zaidi, mwenyewe unajua."

Alikuwa anasema kweli, na ukweli huo ndio unaotia kichefuchefu. Mkono wake ulikuwa mzuri. Alikuwa mpole, mwenye adabu, na mahali pale hakuwa na haki ya kushika hata pamba.

Jioni Daktari Pyo aliwaalika wote mkahawani kula nyama ya nguruwe ya kuchomwa mezani, kwa sababu utafiti ulikuwa umekubaliwa kusomwa kwenye mkutano wa madaktari huko Busan. Nesi Tak aliwekwa karibu na jiko ili ageuze nyama. Bwana Yeo alikaa mkabala naye, na moshi wake ukajipanga nyuma ya kiti.

"Umeme umekishinda kisu!" Daktari Pyo alisema, amenyanyua kikombe cha pombe ya soju. "Damu kidogo, muda mfupi, maumivu sawasawa, kovu sawasawa!"

Wakapiga makofi. Hakuna aliyesema kwamba walioshindanishwa ni daktari na mchuuzi, na aliyeshindwa ni daktari.

Nyama ilipoanza kuungua, mwenye mkahawa alikuja akavuta chini lile bomba la kunyonya moshi linaloning'inia juu ya meza. Bomba halikujua kubagua. Lilivuta moshi wa nguruwe, kisha likaanza na ule wa nyuma ya kiti, mmoja baada ya mwingine. Wa Mama Guk ulikwama kidogo mdomoni mwa bomba, ukapita. Mtu mmoja alisema sasa hewa imekuwa nzuri, akaongeza kitunguu saumu kwenye nyama yake.

Ulipobaki ule wa Mi-ok, Nesi Tak alichukua sahani akaufunika mdomo wa bomba. Meza ikajaa moshi wa mafuta. Watu wakakohoa, macho yakawatoka machozi.

"Nesi Tak!" Daktari Pyo aliita huku anacheka. "Unatukausha kama samaki! Ondoa hiyo sahani, bwana!"

Alimtazama Daktari, akautazama moshi. Mi-ok angeanza kutembea kesho. Angeuona koridoni, angejinusa mwenyewe, angeuliza. Na wa kwanza kuulizwa angekuwa dada yake, aliyeahidi. Moshi ulikuwa umekaa kimya, unasubiri.

Nesi Tak aliondoa sahani. Ilichukua muda mfupi kuliko kugeuza kipande cha nyama.

Asubuhi Mi-ok alikuwa ameketi kitandani, anakunywa supu ya mwani. Alikuwa ameinua bandeji kidogo na kuchungulia.

"Dada, umenyooka kama uzi! Ni Mkuu mwenyewe, si ndiyo?"

"Ni Mkuu."

"Kwa kisu?"

"Kwa kisu."

Mi-ok akafumba macho kwa faraja, machozi yakamtoka. "Ningekwenda kumwinamia mwenyewe, ila tumbo halikunjiki. Nenda umwinamie kwa niaba yangu, dada. Lakini inama kweli, mpaka chini, siyo zile zako za kazini."

Nesi Tak alikwenda. Daktari Pyo alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha pili pamoja na Bwana Yeo, ambaye nyuma yake sasa hapakuwa na kitu. Nesi Tak alipiga magoti pale koridoni, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, akatoa shukrani za mdogo wake. Daktari alizipokea kwa kutabasamu, na Bwana Yeo, kwa adabu yake ile ile, naye akaitikia kwa kichwa.