Dripu za Ngokela

Sungura wote walipandwa na homa. Wote! Nilitamani kukitupa kipimajoto dirishani.

Tangu biashara iachiwe huru, maduka ya Songea yalikuwa yamejaa dripu za viwandani, na wakubwa walishachoka na hizi tulizotengeneza wenyewe katika maabara tatu za misheni. Wagonjwa wengine wakitundikiwa hizo zetu walitetemeka kwa baridi. Daktari Ladislaus, mkuu wetu pale Mbinga, akanituma nizilinganishe.

"Itafute maabara yenye maji machafu, tuifunge. Ukishindwa, Ildefonsi, nafunga zote."

Sikuogopa kufungwa kwa nyingine. Niliogopea ya muuguzi Vitalia, kule ufukweni mwa ziwa, ambako masika barabara hukatika na kuhara hakungoji lori. Dripu zake zilikuwa safi, ningeweza kuapa. Kilichokosekana ni ushahidi tu. Basi kila maabara ikaleta chupa zake, nikawadunga sungura, maana maji machafu humpandisha sungura homa, kila kundi na maabara yake, na yote matatu yakachemka sawasawa.

Nikamwita Vitalia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hizi dripu ulitengenezea wapi?"

"Kwa Bernadi, kwenye maabara yake," akasema huku akitabasamu. "Alikuwa amechelewa, maskini, na siku ya kuleta imefika. Tukafanya ngokela. Tukapanda wote kwake, tukachemsha na kukeneka maji kwa mtambo wake, tukagawana chupa. Tena alitupikia makande!"

Ngokela! Wamatengo hulimiana mashamba hivyo, leo kwako, kesho kwangu, asibaki mtu nyuma. Shambani sijaona jambo zuri kuliko hilo. Lakini nani aliwaambia kwamba na kipimo hulimwa kwa ngokela?

"Na mtambo wako wewe?"

"Upo, mzima kabisa. Ila ningemwachaje mwenzangu aaibike peke yake?"

Kumbe nilikuwa nimepima mtambo mmoja mara tatu. Hasira zilinijaa, na ubaya wake ni kwamba hapakuwa na mtu mbaya wa kumkasirikia.

Nikamwendea Daktari, nikaeleza yote, nikaomba turudie, safari hii kila mmoja kwake na mimi nikisimamia.

"Wamekudanganya mara moja," akasema. "Ya pili nitaiamini vipi?"

"Hawakudanganya, Daktari. Walisaidiana."

"Mimi naona sungura wenye homa, basi. Dripu zitanunuliwa Songea."

Mitambo yote mitatu ikang'olewa, na ule wa Vitalia ukiwamo.

Masika yakaja kama kawaida yake. Barabara ya kuteremka ziwani ikakatika, na lori la dripu likakwama matopeni huku juu. Asubuhi moja nikaitwa kwenye redio ya misheni. Alikuwa Vitalia, wodi imemjaa watu wanaohara.

"Wape maji ya chumvi na sukari," nikasema. "Kidogo kidogo, bila kuacha."

"Wanaoweza kunywa nimewapa, kaka," akasema. "Nakuuliza kuhusu hawa wasioweza."