Redio Wakati wa Kukata

Katika karakana yetu ya ushonaji kuna sheria moja: mkasi ukishikwa, redio inazimwa. Kitambaa cha mteja ukishakikosea umekikosea. Sheria ni ya wifi yangu, na karakana ni ya kwao, kwa hiyo niliifuata bila maswali.

Kaka yake, yaani mume wangu, alikuwa ameniacha miezi saba nyuma akaenda kwa mwanamke mwingine. Tangu hapo wifi hakumtaja, na mimi sikutoa chozi. Nilijikaza kisabuni. Kila asubuhi nilifika kazini nikingoja aniambie, kwa upole, nikatafute pa kushonea kwingine.

Siku hiyo tulikuwa na satini ya bibi harusi. Wifi akakata, mimi nikashika ncha, redio tukasahau kuizima. Dada mmoja akaanza kuimba redioni. Nyimbo za mapenzi hunichosha mimi. Kila mtu anakufa na hakuna anayezikwa. Lakini huyu, bila mbwembwe, akasema tu kwamba bado anapika chakula cha watu wawili.

Jana yake nilikuwa nimemwaga sahani nzima, na juzi vilevile, na sikuwa nimemwambia mtu. Nadhani ndiyo maana wimbo unakutoa machozi: haukuonei huruma, unataja tu unachokificha jikoni kwako, kumbe mwenzako naye anacho.

Nikageuka nizime redio. Wifi alikuwa ameshaweka mkasi chini, machozi yanadondokea satini.

"Wifi, kitambaa kitabaki na madoa."

"Kiache." Akajifuta kwa kiganja. "Mimi naona aibu hata kukuangalia. Najua ipo siku utaniaga, na nitakuzuia kwa lipi? Aliyekukosea ni kaka yangu."

"Mimi nilidhani wewe ndiye utanifukuza."

"Nikufukuze uende wapi? Yeye ameondoka peke yake. Hakuondoka na mimi."

Hapo nikalia miezi saba yote kwa mkupuo. Tulilia sote wawili hadi mtangazaji akaanza kusoma bei za vitunguu, tukacheka, tukatoa kitambaa kingine.

Yule mwimbaji simjui hata kwa sura. Ila kila nikimsikia namwombea heri, maana nilikuwa nimeshaanza kujizoesha kuishi bila wifi.