Mawese Meupe

Harufu ilimfikia Gaspar kabla hajaegesha baiskeli. Moshi mzito wa mafuta yanayoungua ulikuwa unatoka jikoni kwa mpwa wake Jean Bosco na kutanda ua mzima, hapo Makanyagio, Mpanda mjini. Mzee akajua papo hapo kinachofanyika. Baiskeli akaiacha ianguke.

"Aline! Aline we! Ipua hiyo sufuria!"

Aline, mke wa Jean Bosco, akatoka anafuta machozi ya moshi kwa pindo la kitenge. "Karibu marume," alisema. Marume ni mjomba kwa Kirundi, na yeye alimwita vile anavyoitwa na mumewe. "Mbona unaingia kwa kelele kama mnadani?"

Gaspar akampita, akaingia jikoni. Mawese yale aliyafuata mwenyewe mpaka Karema, kule ziwani, akaleta dumu zima kwa ajili ya dada yake. Yalikuja mekundu kama udongo wa barabara ulionyeshewa. Sasa sehemu yake ilikuwa juu ya mkaa, nyeupe kama maji ya mto, inafuka moshi.

"Umeyaua," alisema.

"Nimeyasafisha. Yakiwa mabichi yananuka. Majirani wataanza kusema, wale wakimbizi wa Katumba wanapika vyao tena."

"Wewe ni raia siku hizi, mama, una kitambulisho cha taifa. Umepiga kura. Na bado unaunguza chakula kwa kuogopa pua ya jirani?"

Kibarazani, kwenye mkeka, alikaa Séverine, dada yake Gaspar, mama mzazi wa Jean Bosco. Mbele yake sahani ya wali mtupu na soda ya machungwa. Mwaka juzi alianza kupotea njia ya kanisani. Kisha chumvi ikaingia kwenye chai, kisha majina ya wajukuu yakaanza kumponyoka. Jean Bosco akamtoa Katumba, kwenye makazi yao ya zamani ya wakimbizi wa Burundi, akamleta mjini amtunze, na kumtunza kwao kulikuwa kumlisha vyeupe: wali, mkate wa dukani, soda. Kwao majani ni chakula cha shida. Waliokula majani na mihogo kwa kukosa, mtoto wao akipata uwezo, hawalishwi tena majani. Hiyo ndiyo heshima. Hata siku Aline alipopika lengalenga, mchicha wa kwao, aliichemsha na magadi, akamwaga maji yake, akaichemsha tena mpaka ikabaki nyuzi.

Na Gaspar alikuwa ametoka kuongea na Providence, nesi wa zahanati kule Katumba. Alimuuliza: dada yangu anaharibikia wapi? Providence akamwambia ubongo ni mlaji mkubwa wa hewa, na kazi hiyo ya kuunguza hewa inaacha uchafu unaokula nyama yake taratibu, kama kutu inavyokula mnyororo wa baiskeli. Ukiwa kijana mwili unajipangusa. Ukizeeka unachoka. Sasa mboga za kijani, matunda ya rangi, wekundu wa mawese, vina vitu ambavyo wataalamu wanaviita vizuia-oksidi. Kazi yake kuzuia kutu hiyo.

"Kwa hiyo atapona?" Gaspar alidakia.

"Sijasema hivyo, mzee. Kilichokwenda majani hayakirudishi. Ni kinga, na hata hiyo kinga bado wanaichunguza. Ila kumlisha soda asubuhi na jioni hakumsaidii chochote."

Maneno ya katikati Gaspar hakuyabeba. Alibeba ya mwanzo na ya mwisho, akayapandisha baiskeli na hasira yake mpaka mjini.

"Wekundu ndio dawa!" alimfokea Aline. "Umechoma dawa, umebakiza grisi! Nyie mnamuua huyu mama kwa sahani!"

Aline akaweka mwiko chini. Taratibu sana.

"Sawa. Sasa nisikilize, marume. Tangu masika umekuja hapa mara ngapi? Uko njiani tu, leo Majimoto, kesho Kasansa, keshokutwa ziwani. Anayemkimbilia mama barabarani akitoka bila nguo ni nani? Anayelala mlangoni ni nani? Unaleta dumu moja na matusi gunia zima!"

"Basi namchukua. Anarudi Katumba leo leo."

"Mchukue!"

Aline akaingia chumbani, akatoka na vitenge vya mama mkwe, akavitupa kwenye mkeka. Akafuata na kandambili, na sweta, na rozari. "Haya. Na utamwogesha wewe?"

Nyumbani kwake Katumba Gaspar alikuwa peke yake, na kwao kaka hamvui dada yake nguo, hata dunia ipinduke. Hilo hakuwa ameliwaza hata mara moja, njia nzima.

Akachuchumaa mbele ya Séverine. "Dada. Twende nyumbani?"

Séverine akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. Mkono wake ukashika kitenge cha Aline, ukakikunja ndani ya kiganja. "Huyu mzee anafoka sana," alimwambia Aline. "Mpe chakula aende."

Gaspar aliihisi hasira yake inatafuta mtu wa kumwangukia, na haikumpata.

Juu ya ukuta wa ua akachungulia Mwamvita, mama mwenye duka la jirani, yule yule ambaye Aline aliogopa pua yake. "Jamani, mnachoma tairi? Bibi yangu Ujiji angekuona unaunguza mawese hivyo, Aline, mwiko ungekulia kichwani. Yamebaki mabichi? Niuzie kidogo."

"Hayauzwi!" Gaspar na Aline walijibu kwa pamoja, kwa ukali mmoja, na Mwamvita akashuka ukutani anacheka.

Aline akainama kuokota vitenge. "Kama unajua sana," alisema bila kumtazama, "kaa. Upike wewe. Kila siku, sio leo tu. Mimi nitaogesha."

Gaspar akachukua kisu. Lengalenga ilikuwa kwenye ungo. Akaanza kukatakata kwa hasira.

"Unakatia ng'ombe?" Aline alisema. "Osha kwanza. Na maji ya kuchemshia usimwage, si ndio unavyotaka?"

"Najua!"

"Hujui."

Gaspar akamwaga mawese mabichi juu ya kitunguu, mekundu kabisa, na harufu ikatoka ikaenda ilikotaka. Séverine akala kwa vidole, taratibu, mafuta yakamshukia kidevuni.

"Huyu mzee ni nani?" aliuliza.

"Mpishi wetu mpya," Aline akajibu. "Ana mdomo mchafu."

Gaspar, uso umekunjwa vile vile, akamwongezea mboga.